Ilani ya Lemara: Mtu Asipitishiwe Umeme Akiwa Macho

Sisi ni watu 14 wa Lemara na majirani zake wa Njiro, Sokon na Daraja Mbili, pamoja na wawili wanaoshuka kutoka Poli, upande wa Meru. Miongoni mwetu wamo waliowahi kulazwa wodi ya akili na wamo waliowapeleka ndugu zao. Wamo wauguzi wawili, mhudumu wa wodi mstaafu, fundi cherehani, dereva wa kifodi na mwalimu wa sekondari. Tulianza kukutana Jumamosi jioni kwenye kibaraza cha nyumba moja hapa Lemara kwa sababu kila mmoja alikuwa na jambo aliloshindwa kulisema kanisani, msikitini na hata kwenye kikao cha ukoo.

Vuguvugu letu bado halina jina wala muhuri. Lina daftari, na ndani ya daftari yameandikwa maneno tuliyokubaliana wote. Azimio la Arusha lilipitishwa hapa mjini, Kaloleni, mwaka 1967 na watu waliokuwa na dola mkononi. Sisi tuna madai, na haya ndiyo.

KILICHOTUKUTANISHA

Jumamosi ya tatu, mzee wetu, yule mhudumu mstaafu, alinyoosha mikono yake akailaza juu ya meza. Akasema, "Mimi nilikuwa mtu wa magoti."

Hatukumwelewa. Akaeleza. Katika hospitali aliyofanyia kazi ujanani, ambayo hatutaitaja, mgonjwa aliyeandikiwa shoti ya umeme aliletwa asubuhi bila kunywa chai. Alilazwa chali kwenye godoro jembamba. Mmoja alishika mabega, wawili nyonga, mmoja magoti, na muuguzi akamtia kitambaa kilichokunjwa katikati ya meno asijing'ate ulimi. Sindano ya usingizi haikuwapo. Daktari aliweka vyuma viwili kwenye panja, akabonyeza.

"Kazi yangu ilikuwa goti lisiruke," alisema mzee. "Lakini kilichonisumbua ni macho. Aliyekwisha kufanyiwa mara moja, mara ya pili anakujua. Hamtazami daktari, anakutazama wewe. Anakuambia, Baba, leo usinishike."

Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupakua kande. Hazikuguswa mpaka zikapoa.

Jumamosi iliyofuata fundi cherehani wetu akasema kwamba yeye pia amepitishiwa umeme, tena mara nane. Alikuwa nje ya nchi akifanya kazi za ndani alipoanza kuumwa. Aliacha kula, akaacha kusema, mwisho hata mate hakumeza. Walimchoma sindano akalala. Alipoamka aliulizwa anaitwa nani na leo ni siku gani, kisha akapewa chai. Baada ya mara ya tano aliomba sahani ya wali. Lakini miezi kadhaa ya maisha yake imefutika, na harusi ya binti yake imo humo. "Harusi siikumbuki," alisema. "Ila nipo, naonyeshwa picha."

Mzee alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza, "Mwanangu, magoti alikushika nani?"

"Hakuna, mzee. Nilikuwa nimelala."

Ilani hii imezaliwa na swali hilo na jibu lake. Tiba ni moja na mashine ni za ukoo mmoja, lakini mmoja aliomba asishikwe, mwingine aliamka akaomba wali. Tunataka kila mtu anayetoka Arusha aingie chumba kile kama alivyoingia fundi wetu.

TIBA YENYEWE

Tunaanza kwa kueleza, maana lisiloelezwa hujazwa na uvumi.

Mwaka 1934, mjini Budapest, daktari Ladislas Meduna aliwachoma wagonjwa wa skizofrenia sindano ya kafuri ili wapate degedege. Aliamini kwamba kifafa na skizofrenia havikai nyumba moja. Aprili 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walileta degedege hiyo kwa umeme badala ya dawa. Nadharia ya Meduna ilikuja kuanguka, lakini tiba ilibaki, kwa sababu waliokuwa na sonona kali, na wale walioganda kama sanamu bila kula wala kusema, walionekana kuinuka.

Kwa watu wetu habari hii ina uzito wake. Hapa kifafa kinaogopwa kuliko magonjwa mengi. Dk. Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, aliwakuta watu wenye makovu makubwa ya moto: walianguka jikoni, na jirani akaogopa kuwavuta asije akaambukizwa. Ukimwambia mzazi aliyekulia katika hofu hiyo kwamba daktari atampa mwanawe degedege kwa makusudi, ana haki ya kusimama mlangoni. Anastahili maelezo. Kukemewa hakumsaidii.

Maelezo ni haya. Umeme hupita kwa sekunde chache tu. Degedege inayofuata kwa kawaida haivuki dakika moja. Mgonjwa hufanyiwa mara mbili au tatu kwa wiki, na kwa jumla mara 6 hadi 12. Katika tiba iliyo salama hupewa kwanza dawa ya usingizi, halafu dawa ya kulegeza misuli, na oksijeni wakati wote. Misuli ikiwa imelegea, mwili unabaki umetulia na degedege inaonekana kidogo tu, pengine kwenye vidole vya mguu. Misuli isipolegezwa, nguvu ya mwili yenyewe inaweza kuvunja pingili za mgongo au kutegua taya.

Dawa za kulegeza misuli si ngeni. Sumu ya kurare ilijaribiwa kwa kazi hii mwaka 1940, na suksamethoniamu ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mzee wetu wa magoti alizaliwa mwaka 1953. Dawa imemzidi umri, na kazini hakuikuta.

Je, inatibu? Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio yaliyolinganisha umeme wa kweli na ule wa kuigiza, ambapo mgonjwa hulazwa usingizi bila kupitishiwa kitu. Waliopata wa kweli walipona sonona zaidi. Je, inaua? Pale inapotolewa kwa usingizi na uangalizi, vifo ni chini ya 3 katika kila matibabu 100,000. Je, inafuta kumbukumbu? Ndiyo. Kwa wengi mambo ya karibuni hupotea kwa muda, na kwa baadhi kuna yasiyorudi. Anayekwambia haifuti, hajakaa na fundi wetu. Anayekwambia inafuta kila kitu, naye hajamwona akikata kitambaa.

UGONJWA HAUJUI MPAKA, TIBA INAUJUA

Mwaka 2012 watafiti wa Norway walikusanya tafiti za tiba hii kutoka mabara yote. Walikuta kwamba katika nchi za Magharibi anayelala juu ya kitanda hicho mara nyingi ni mwanamke wa umri mkubwa mwenye sonona. Katika nchi nyingi za Asia ni kijana wa kiume mwenye skizofrenia. Kwingine nusukaputi ni sharti. Kwingine, Afrika ikiwamo, bado walipatikana wanaofanyiwa wakiwa macho.

Sonona haipungui makali ikivuka bahari. Kinachobadilika ni sheria, fedha, na nani anaulizwa kabla. India, yenye uhaba unaofanana na wetu, iliandika katika Sheria ya Huduma ya Afya ya Akili ya mwaka 2017 kwamba tiba ya umeme bila usingizi na bila dawa ya kulegeza misuli ni marufuku. Jimbo la Texas, Marekani, tangu 1993 linakataza kumpa aliye chini ya miaka 16, na hospitali zinalazimika kupeleka hesabu serikalini. Scotland huchapisha taarifa ya kila mwaka. Sweden ina rejista ya taifa, na kwa hiyo tunajua kwamba huko hutibiwa watu wapatao 40 katika kila 100,000 kwa mwaka. Mjini Berkeley, California, wapiga kura waliipiga marufuku mwaka 1982, na mahakama ikaifuta marufuku hiyo.

Chukueni kipimo cha Sweden mkiweke juu ya mkoa wetu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,356,255 katika Mkoa wa Arusha. Kwa kipimo hicho wangekuwa zaidi ya watu 900 kila mwaka. Hatusemi hilo ndilo lengo, maana hata Wazungu wenyewe hawakubaliani nani atibiwe hivyo na nani asitibiwe. Tunasema kwamba mwenye hesabu anaweza kubishana, na asiye na hesabu amebaki na minong'ono.

NYUMBANI

Nchi yetu haikuanza jana. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani wakaigeuza hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927 chini ya Waingereza. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili, na mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaosema mtu hapotezi utu wake mbele ya sheria kwa sababu akili yake imeumwa.

Lakini jina la Mirembe hata sasa ni tusi. Mtoto wa shule akikosea hesabu anaambiwa ana faili Mirembe. Mke akidai haki yake kwa sauti anaulizwa kama amemeza dawa. Na shoti ya umeme imekuwa kitisho cha kumnyamazishia mtu: "Endelea, utapelekwa ukapigwe shoti." Tiba iliyogeuzwa fimbo midomoni mwa watu, mgonjwa ataipokeaje kama dawa?

Dereva wetu amekwisha kufanya safari ya Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kupitia Babati na Kondoa, akiwa na mdogo wake kwenye basi. Mikono ya kijana ilifungwa kwa kanga ya mama yao, na juu ya mikono likawekwa koti ili abiria wasione. Walipofika Babati kijana aliomba maji. Kaka yake alimnywesha kwa chupa kama mtoto mchanga, na mama mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, "Kwani mwenzako hana mikono?" Dereva hakujibu. Anasema swali hilo ameishi nalo kuliko ugonjwa wenyewe.

Watu wetu hawaogopi safari. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, wakalala njiani kwa siku kadhaa ili wanywe kikombe cha shilingi 500. Hatuandiki kuhukumu kikombe. Tunaandika kuuliza kwa nini njia ile mbovu haikuwatisha. Bei ilijulikana. Kilichokuwa kinafanyika kilijulikana: unapewa, unakunywa, unarudi. Aliyekwenda alikwenda kwa miguu yake, na aliyerudi alisimulia. Hospitali ikijulikana hivyo, koti juu ya mikono halitahitajika.

TUNAYOYAKATAA

Tunamkataa anayesema umeme ni mateso siku zote na upigwe marufuku leo. Huyo hajamwona mama aliyejifungua juzi akigeukia ukutani akikataa maji. Akifaulu, fundi wetu mwingine atakufa.

Tunamkataa pia anayesema nchi ni maskini, tutumie tulichonacho, nusukaputi itafuata. Tunajua wataalamu wa usingizi ni wachache, na kila usiku kuna mama anayewasubiri kwa upasuaji wa kujifungua. Lakini hakuna anayempasua mama yule akiwa macho kwa sababu ya uhaba. Neno nusukaputi tuliachiwa na Wajerumani, na limekaa katika Kiswahili kiasi kwamba bibi zetu wanalijua. Iweje lifike kwenye tumbo na mguu, likome kwenye kichwa?

TUNAYODAI

1. Nusukaputi kwanza. Tiba ya umeme bila dawa ya usingizi, bila dawa ya kulegeza misuli na bila oksijeni ikatazwe kwa sheria, katika hospitali za serikali, za dini na za binafsi. Shirika la Afya Duniani limesema hivyo tangu 2005 na likarudia mwaka 2023. Dharura isiwe kisingizio.

2. Ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Fomu iwe ya Kiswahili cha kueleweka, na asiyesoma asomewe, ikibidi kwa Kimasai au Kimeru. Faida, hatari na njia nyingine ziandikwe zote. Aliyekubali jana aweze kukataa leo, hata akiwa mlangoni. Asiyeweza kusema asisemewe na shemeji aliyechoka: awepo mtu aliyemchagua akiwa mzima, na daktari wa pili asiye wa wodi hiyo.

3. Watoto waachwe. Aliye chini ya miaka 18 asipitishiwe umeme. Hili nalo Shirika la Afya Duniani limelitamka wazi.

4. Hesabu itangazwe. Kila mwaka wizara ichapishe: hospitali gani, wangapi, umri, jinsia, ugonjwa, mara ngapi, wangapi waliridhia, wangapi walilazwa usingizi, wangapi walidhurika. Majina yasiwekwe. Taarifa ibandikwe hata ofisi ya kata.

5. Kumbukumbu ipimwe. Mgonjwa aulizwe na kuandikwa kabla ya kuanza, baada ya kumaliza, na tena baada ya miezi sita. Akisema amesahau, aaminiwe na asaidiwe.

6. Tiba isogee. Kanda ya Kaskazini iwe na mahali ambapo daktari bingwa wa afya ya akili na mtaalamu wa usingizi wanafanya kazi hii pamoja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika mafao yake, matibabu ya akili yasiwe mtoto wa kambo.

7. Ngazi za kwanza zisirukwe. Wengi hawatahitaji umeme kamwe wakipata dawa na ushauri mapema. Dawa za sonona na skizofrenia zisikosekane kwenye vituo vya afya, na muuguzi wa afya ya akili asihamishiwe kwenye dirisha la kadi.

8. Aliyejaribu kujiua apelekwe kwa daktari. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mkosaji. Kifutwe, maana familia nyingi huficha jaribio kwa kuogopa polisi, na mgonjwa huyohuyo ndiye pengine anayehitaji tiba nzito kuliko wote.

TUNAYOJIFUNGA NAYO

Mwenye kudai aanze na nafsi yake. Kuanzia leo hakuna hata mmoja wetu atakayemtisha mtu kwa shoti, wala kutaja Mirembe kwa kejeli, hata kwa utani wa harusini. Tukimsikia mwingine tutamkatiza, awe kijana au mkubwa wetu, kwa adabu.

Familia itakayompeleka mgonjwa tutaisindikiza. Dereva wetu amejitolea gari lake hadi stendi, na mmoja wetu atapanda basi pamoja nao. Kanga itabaki begani mwa mama. Wauguzi wetu watakaa na mgonjwa kabla ya safari na kumweleza kila hatua, pamoja na ile ya kusahau. Mwalimu ataandaa daftari kwa kila anayekwenda: majina ya watoto, siku za kuzaliwa, deni alilo nalo dukani, namna anavyopenda loshoro yake, ili likipotea jambo awe na pa kuanzia.

Hatutachangisha fedha kwa jina la mgonjwa bila yeye kujua. Hatutapiga picha. Hatutakuwa tawi la chama wala huduma ya maombi, ingawa wanachama na waombaji wote wanakaribishwa.

MLANGO UKO WAZI

Tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Anayetaka kujiunga aulize kwa mjumbe wa nyumba kumi yake hapa Lemara, ataelekezwa. Kadi ya uanachama haipo na kiingilio hakuna. Sharti ni moja tu: usikilize kabla ya kushauri.

Tulipomaliza kuandika madai, mzee wetu aliomba nafasi. Alisema hataki cheo katika vuguvugu wala hataki kusema mbele ya waandishi wa habari. Anaomba kazi moja. Mgonjwa wa kwanza kutoka kwetu atakayekwenda kupitishiwa umeme kwa ridhaa yake na kwa nusukaputi, yeye ndiye amsindikize hadi kwenye mlango wa chumba, na hapo mlangoni aishie, akae kwenye benchi, mikono yake ikiwa mapajani mwake mwenyewe.

Tumekubali. Ni azimio la kwanza katika daftari.

Lemara, Arusha